Kenge na Mshitaki Aliyemteua Mwenyewe

Mwenye masikio na asikie, asiye nayo alale.

Kanga aliacha mayai mawili akaenda kunywa maji. Aliporudi, limebaki moja. Akamwendea Panyabuku, mshitaki wa mwituni, aliyeteuliwa na Kenge, mkubwa wao. Panyabuku akanusa kiota, akanusa njia, pua ikamfikisha mlangoni kwa Kenge.

"Mkubwa, nakushitaki wewe."

Kenge kimya, shavu limemvimba. Kunguru, msemaji wake, akadakia: "Mkubwa anaumwa jino. Na wewe, umefukuzwa kazi!"

Kanga akawaza. Panyabuku akiondoka, nani atamtetea? Kisha akaikumbuka mila yao.

"Kuteua hutumwa msemaji," akasema. "Kufukuza, mkubwa hutamka mwenyewe, mbele ya wote, asikike hadi mtoni. Au mila nayo mmeila?"

Wanyama wakajaa. Kenge akaangaza huku na huku, akapanua kinywa: "Nimemfu..."

Yai likadondoka majanini, zima.

"Kumbe ndilo jino lenyewe!" Kanga akasema, akalikalia papo hapo.

Tangu siku hiyo mshitaki huteuliwa na kuondolewa na baraza zima, na mshitakiwa hukaa pembeni. Yai nalo likaanguliwa. Kifaranga wake ni mtundu: kila mkubwa akipita, humchungulia kinywani.