Tawi la Tano

Kila mara kisima cha mafuta cha baharini kilipoongezewa tawi, yaani shimo jipya la pembeni, mji wa Namtende ulinyamaza kwa sheria. Mtambo uliotoboa miamba chini ya bahari ulijiongoza kwa kusikiliza, na kelele za watu ziliupoteza njia.

Siku tawi la nne lilipokamilika, king'ora cha ruhusa kililia. Somoe alitoka uani akapiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Alipogeuka, afisa wa ukimya, kijana aitwaye Chilumba, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mna mpaka jioni. Kesho tunaanza la tano."

"La tano? Si mlisema la nne ndilo la mwisho?"

"Kisima ni kimoja, mama, ila kila tawi linafika penye mafuta mengine. Tukiacha sasa, mengi yatabaki chini."

"Yabaki! Nina mjukuu humu ndani ameshaanza kutembea, na hajawahi kuimbiwa hata siku moja!"

Chilumba aliinamisha kichwa, akaaga kwa kunong'ona, akaenda nyumba ya pili.

Somoe aliingia ndani kwa hasira, akaubamiza mlango kwa kusudi. Mjukuu wake, aliyekuwa amelala kitandani, akashtuka na kuketi. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtiririka, mdomo ukaachama. Somoe akamnyooshea mikono.

"Lia, mwanangu. Leo ruhusa."

Mtoto alimtazama bibi yake, kisha akauziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, kama watu wa nyumbani walivyokuwa wakimziba.