Joto la Injini

Asubuhi hiyo jalidi ilikuwa imeganda kwenye kioo cha lori kuukuu la Mzee Anyosisye, na mkaza mwanawe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa; hospitali ilikuwa mbali, bondeni.

"Tusubiri jua," alisema mzee. "Sioni barabara, na nikiikwangua inaganda tena."

"Mtoto hasubiri jua," alijibu mkewe, Tusekile.

Tusekile alikata debe tupu la mafuta, akalikunja kama faneli na kulifunga kwa waya nyuma ya rejeta, feni inapopuliza joto. Kutoka hapo akapitisha bomba pana la mpira hadi kiooni.

Injini ikanguruma. Polepole jalidi ikayeyuka, pakabaki uwazi wa upana wa sahani.

"Mke wangu! Miaka yote hii sikuliwaza hili!"

"Endesha, baba."

Wakampandisha mkaza mwana, na lori likaanza kuteremka mlima, mzee ameinama akichungulia, na uwazi ukizidi kupanuka.