Ukuta wa Nne

Nahimana, fundi rangi, alikuwa amekwisha kupima kuta tatu za sebule ile ya Nyarutarama. Alipoufikia ukuta wa nne, alisimama na futi mkononi.

Juu, rangi ya udongo ilikutana na weupe wa dari katika mstari mmoja ulionyooka, usio na doa. Alipanda ngazi akapitisha kidole. Hapakuwa na alama ya utepe wa kuzuia rangi. Mstari ule ulivutwa kwa brashi tu, na katika Kigali nzima Nahimana alimjua fundi mmoja tu aliyeweza kufanya hivyo: yule aliyejifunza naye kazi Bujumbura, ambaye wateja walimsifu hata mbele ya Nahimana.

Roho ilimuuma, kama siku zote.

"Na huu, fundi?" mwenye nyumba aliuliza. "Tupake juu yake tu?"

Ukuta ulikuwa mzima. Ungetosheka na rangi kidogo tu.

"Hapana, madamu. Huu unakwanguliwa wote, mpaka kwenye lipu. Aliyeupaka alilipua kazi." Akaandika gharama ya kukwangua, kalamu ikikandamiza karatasi.

Mama yule alishangaa. "Alilipua? Mbona yeye ndiye aliyenipa namba yako? Nilimwita yeye kwanza. Akasema mkono wake siku hizi unatetemeka, nikutafute wewe. Eti ukuta wake hawezi kumwachia mtu mwingine ila wewe."

Nahimana aliiondoa kalamu kwenye karatasi.

"Mkono wake unatetemeka tangu lini?" aliuliza.