Embe Bichi la Masudi

Siku hizi mpishi akifa, ladha ya mkono wake haipotei. Jiko la mgahawa huishika, likaendelea kupika kama yeye. Ndiyo maana kila Ijumaa nikitoka kuswali hupita mgahawani kwa Mwavita, alikokuwa akipika marehemu mume wangu, Masudi, nikala maharage yake.

“Mama Ramla,” Mwavita akaniita, “leo jiko limeongeza kitu. Hebu onja!”

Nikasema bismillahi, nikaonja. Embe bichi. Masudi alinitilia mimi tu, nyumbani kwetu, nilipokuwa na mimba ya Ramla. Hapa mgahawani hakuwahi.

“Nani kaliambia?”

“Hata sijui, mama. Ila waone wateja wanavyoramba vidole!”

Nikawatazama wale wanaume. Kisha nikavuta ncha ya mtandio wangu, nikaifunika sahani.