Kisutu cha Mama

Mwani unaotusafishia maji ya mto hauli kitu ila rangi ya nguo. Tangu viwanda viache kumwaga rangi mtoni, tunaulisha wenyewe majumbani: kila Ijumaa tunatumbukiza nguo moja kwenye pipa la mwani, na jioni tunaitoa nyeupe pee. Usipoulisha unakufa, na maji hayanyweki. Mtaa mzima sasa tunavaa kama mahujaji.

Mimi nilificha nguo moja tu, kisutu cha marehemu mama, chekundu na cheusi, alichoolewa nacho. Aliyejua kilipo ni mdogo wangu Zulfa peke yake.

Alikuja wiki ya harusi ya bintiye. "Dada, niazime kisutu cha mama. Mwanangu akivae siku moja tu, kisha nakurudishia."

Nilimpa kwa mikono miwili.

Siku ya harusi bibi harusi alitoka amevaa nyeupe. Zulfa akaninong'oneza kwamba kisutu atakivaa kwenye fungate, nami nikamwamini. Jua lilikuwa kali. Nilikunywa glasi tatu za maji yake, nikamsifu mbele ya wageni kwamba pipa lake linatoa maji matamu kuliko yote mtaani. Aliinamisha macho, akanijazia ya nne.

Leo amenirudishia kisutu. Kimekunjwa vizuri, kimefukizwa udi, na ni cheupe pee.

"Wageni walikuwa mia mbili, dada," amesema. "Wangekunywa nini?"

Utamu wa yale maji bado ninao mdomoni.