Hatua Tatu Kabla ya Utepe

Asubuhi, Mwanahamisi alipokuwa akiingia ziwani na kilo zake mia moja na kumi, Bwana Ngwali, mwenyekiti wa mashindano, alishika kipaza sauti akasema, "Jamani, okoeni nguo zenu ufukweni, ziwa linafurika!" Watu wakavunjika mbavu. Mwanahamisi akalimeza neno lile, akapiga mbizi.

Aliogelea, akaendesha baiskeli, na sasa alikuwa anamalizia mbio kwenye mchanga, mwili wake wote mnene ukiona raha. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Mbele, penye utepe, Bwana Ngwali alisimama juani na medali ya mwisho mkononi, suti imemganda mgongoni. Kanuni aliitunga mwenyewe: mwenyekiti haondoki, wala sufuria ya pilau haifunuliwi, mpaka mshindani wa mwisho avuke au saa tisa igonge.

Ilikuwa saa nane na dakika tano. Zikiwa zimebaki hatua tatu, Mwanahamisi akasimama, akaketi chini taratibu, akaanza kufungua kamba za kiatu.

"Dada, vuka basi!" Ngwali alimsihi. "Umeumia?"

"Sijaumia, mwenyekiti. Nasubiri lile ziwa lako lifurike."

Watu wakacheka tena, ila safari hii macho yao yalikuwa kwa mwenye suti.

Mwanahamisi akakivua kiatu, akakiinamisha, mchanga ukamwagika kidogo kidogo. Ulipokwisha, akakiweka kando vizuri, akashika kamba za kiatu cha pili.