Herufi za Inchi Moja

Absalom aliweka rula juu ya herufi ya mwisho ya bango, akaipima, kisha akaipima tena. Sheria ya Texas inataka herufi zisizopungua inchi moja, rangi yake itofautiane na ubao, na maneno yawe kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Ndiyo maana mabango yalikuwa mawili. Likikosekana moja, lililobaki ni pambo tu.

"Imefika?" Patroba aliuliza kutoka juu ya ngazi, drili mkononi.

"Imefika, na uzi mmoja zaidi."

Walikuwa wakifunga mabango kwenye mlango wa kanisa lao huko Alief, mtaa wa Houston, jengo lililokuwa duka la mazulia kabla Wakenya na Watanzania hawajalikodi. Mabango yalikataza mtu yeyote kuingia na bastola inayoonekana. Na mtu pekee aliyekuwa akiingia nayo hivyo ndiye aliyekuwa juu ya ngazi.

Yeye na Absalom walikuwa walinzi wa mlango tangu Julai, siku mgeni mmoja alipoingia katikati ya mahubiri, akapiga kelele kwamba atarudi kuwamaliza, akaondoka na pikapu yake. Watu waliwataja wao wawili, na Absalom hakukataa. Patroba aliivaa bastola yake kiunoni, nje ya shati. Ya Absalom haikuonekana. Mzee wa kanisa kama yeye haombwi kufungua koti, kwa hiyo hakuna aliyeomba. Isitoshe, ni yeye aliyemfundisha Patroba kulenga shabaha mwaka juzi, kwa subira ya mwalimu wa chekechea.

Walibishana miezi mitatu. Patroba alishikilia kwamba mwovu akiona chuma mlangoni hupita njia yake. Kilichofichwa hakimzuii mtu. Absalom, bila kupandisha sauti, alisema chuma kinachoonekana hakichagui wa kumtisha. Mchungaji Elirehema aliwasikiliza wote wawili, akaahirisha uamuzi mara nne. Kisha Jumapili iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Kongo na watoto watatu. Alikiona kiuno cha Patroba, akasimama, akawageuza watoto mmoja mmoja kwa mabega, akarudi nao garini. Baraza la kanisa likaamua siku hiyohiyo mabango yawekwe.

Patroba alitoboa tundu la nne, akakaza skurubu. Bango la Kiingereza likakaa sawa.

Simu ya Absalom ikalia. Alikuwa mkewe, Melania, muuguzi, na sauti yake ilisikika hadi kwenye ngazi.

"Nimeshatoka kazini. Niko ndani, jikoni. Nimeona nikujulishe."

"Asante, mama."

Patroba akacheka. "Mzee, siku hizi mama anapiga hodi kwa simu? Kwani hiyo nyumba ni ya nani?"

Absalom alitabasamu kidogo, akavuta bango la Kihispania, akaanza kulipima.

Patroba akashuka. Alisimama kitambo akifuta drili kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Yule mama wa Kongo nimemwota mara mbili," alisema. "Umenishinda, Mzee."

"Sikutaka kukushinda. Vaa koti tu, uifiche, usimame mlangoni kama kawaida."

"Koti, kwa joto hili la Houston? Nitazimia kabla huyo mtu hajaegesha gari. Wewe mwenyewe unatokota hapo na hutaki kulivua." Akatikisa kichwa. "Halafu mimi sijui kuficha. Nitakuwa naipapasa ibada nzima mpaka watoto wajue iko wapi. Kuanzia kesho yangu inabaki nyumbani."

Rula ilisimama.

"Kesho?"

"Nimeshamwambia Mchungaji. Akaniuliza kama watu watakuwa salama. Nikamwambia Mzee anayo. Akamshukuru Mungu."

"Ungeniuliza kwanza, Patroba."

"Nikuulize nini? Si wewe uliyetuhubiria kwamba moja iliyofichwa inatosha?"

Ni kweli, alikuwa amesema hivyo, tena mbele ya baraza zima.

Pikapu nyeupe ilipita barabarani, polepole. Wote wawili waliisindikiza kwa macho mpaka ikakata kona.

Zilibaki skurubu nne. Patroba alipoinua drili, Absalom alimshika mkono.

"Tuache hapo. La Kihispania tutalifunga kesho, baada ya ibada."

"Mzee, ni dakika tano."

"Bango moja peke yake halina nguvu ya sheria. Kwa hiyo kesho unaweza kuja nayo. Nje ya shati, kama ulivyozoea."

Patroba alimtazama kama mtu aliyepewa chai ya chumvi. "Ni wewe unayesema hivyo? Wewe?"

"Jumapili moja tu."

"Na yule mama akirudi?"

Absalom alizikusanya skurubu nne kiganjani.

Patroba alikunja ngazi. Alisema, kwa upole, kwamba neno alilompa Mchungaji hawezi kulimeza, na kwamba mtu akishashinda asiogope ushindi wake. Akampigapiga begani, akaagana naye mpaka asubuhi.

Absalom alibaki mlangoni. Alilisimamisha bango la Kihispania sakafuni, maneno yakitazama ukuta, akazipanga skurubu nne kando yake. Bastola yake alikuwa ameiuza tangu Machi, siku tatu baada ya kumwelekezea Melania, aliyekuwa akiingia nyumbani kwa ufunguo wake mwenyewe.